Bwana James Jamerson na Nyuzi Zake Nne

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri, nami nimemchagua mtu ambaye wengi wa wasomaji wetu hawajapata kulisikia jina lake, ingawa kazi ya mikono yake wameisikia mara nyingi redioni. Huyu ni James Jamerson wa Marekani, mpiga gitaa la besi. Lakini kabla sijaanza habari zake yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe, maana bila kosa hilo nisingemjua.

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, nilikabidhiwa gitaa la besi la chama chetu cha muziki. Lilikuwa na nyuzi nne nene, nyeusi kwa uchakavu, na laini kwa kugusa. Sauti yake ilikuwa nzito na ya chini, haina mng'aro hata kidogo, nami nikadhani huo ni ubovu. Basi nikazikata kwa koleo, nikazitupa jalalani, na kwa fedha ya chama nikaagiza kutoka Dar es Salaam nyuzi mpya zinazometameta. Siku ya mahafali, mbele ya wazazi, kila nilipotelezesha kidole kwenye shingo ya gitaa palitoka mlio kama wa bawaba isiyotiwa mafuta, na besi yangu ikawa inagombana na gitaa la solo badala ya kulibeba.

Baada ya sherehe alinijia mzee mmoja wa hapa Dunda, ambaye zamani alipiga besi katika bendi ya dansi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza zile nyuzi za zamani ziko wapi. Nilipomwambia alinyamaza kitambo. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba nilichokitupa ni nyuzi bapa, akanitajia jina la Jamerson, na akanishauri nikatafute habari zake. Haya ndiyo niliyoyapata.

James Jamerson alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika kisiwa cha Edisto, karibu na mji wa Charleston, jimbo la South Carolina. Ni nchi ya pwani, yenye mabwawa ya maji ya chumvi, nami nilipoisoma habari yake niliiona kama si ya mbali sana. Nyumbani kwao palikuwa na watu wa kupiga piano na kuimba kanisani, naye akajifunza piano angali mdogo. Husimuliwa kwamba alipokuwa mtoto alifunga mpira kwenye fimbo ya mwanzi, akaichomeka katika kichuguu, akawa anaupiga ule mpira ili awachezeshe siafu ngoma. Wageni wanaweza kuicheka habari hii. Sisi wa Bagamoyo, ambako marehemu Hukwe Zawose aliishi na kufundisha mpaka alipofariki mwaka 2003, na ambako zeze lake lilisikika, hatuna haja ya kuambiwa kwamba fimbo na uzi ni mwanzo wa muziki.

Mama yake alihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari huko kaskazini, kutafuta kazi. Kijana akamfuata mwaka 1954. Katika shule ya sekondari ya Northwestern ndipo aliposhika kwa mara ya kwanza besi ile kubwa ya kusimama, inayopita kimo cha mtu. Hakupita muda mrefu akawa anapiga usiku katika vilabu vya jazi na bluzi vya mji ule. Vidole vyake vikawa vigumu kwa kuvuta nyuzi zile nene, na ugumu huo ulimfaa baadaye.

Mwaka 1959 alianza kupata kazi kwa Bwana Berry Gordy, aliyekuwa akiianzisha kampuni ya santuri iliyokuja kuitwa Motown. Kampuni hiyo ilikuwa katika nyumba ya kawaida, barabara ya West Grand Boulevard, na chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo mno hata wapigaji wakakiita Shimo la Nyoka, kwa sababu ya nyaya zilizotapakaa. Wapigaji wenyewe walijulikana kwa jina la Funk Brothers. Humo Jamerson alifanya kazi kwa zaidi ya miaka kumi, na humo ndimo alimoiacha besi ya kusimama polepole akashika ya umeme. Gitaa lake lililopata sifa kuliko yote lilikuwa Fender Precision la mwaka 1962. Alilipa jina la Funk Machine.

Sasa naomba wasomaji wasiopiga gitaa wanivumilie kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe liko hapa. Uzi wa besi una waya wa chuma katikati, na juu yake huzungushiwa waya wa pili. Waya huo wa pili ukiwa wa mviringo, uso wa uzi huwa na matuta madogo madogo. Uzi wa namna hiyo hulia kwa ukali na kung'ara, lakini kidole kikiteleza juu yake hukwaruza, na matuta yale hutafuna vile vyuma vya shingoni. Bali ukizungushiwa utepe bapa, uso huwa laini. Vilio vya juu hupungua, na kinachobaki ni sauti ya msingi, fupi na nzito, ambayo huisikii sana kwa sikio kama unavyoisikia kifuani. Besi ya umeme ya Fender ilipoanza kuuzwa mwaka 1951 nyuzi bapa ndizo zilizokuwa za kawaida, maana wapigaji wengi walitoka kwenye besi ya kusimama na hawakutaka sauti nyingine. Nyuzi za matuta zilienea baadaye, katika miaka ya 60, vijana walipotaka besi isikike mbele.

Jamerson alichagua nyuzi bapa za La Bella, tena zile nzito kabisa. Uzi wake mnene kuliko yote ulikuwa na unene wa karibu milimita 2.8, na ule mwembamba karibu milimita 1.3. Aliziweka juu sana kutoka kwenye shingo, hata wapigaji wengine walipolijaribu gitaa lake walishindwa kulibana. Karibu na mwisho wa nyuzi, chini ya kile kifuniko cha chuma, paliwekwa kipande cha sponji ili sauti isikae muda mrefu. Mkono wake wa kulia alitumia kidole kimoja tu, cha shahada, ambacho wenzake walikiita Ndoana. Na jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba hakubadili nyuzi mpaka uzi ukatike. Waliomjua husimulia kuwa hakulisafisha hata gitaa lenyewe, akiamini kwamba sauti imo katika uchafu ule ule. Mwalimu wa zamu asingeikubali hoja hiyo siku ya ukaguzi wa mabweni, lakini kwa nyuzi bapa ina ukweli wake: kadiri zinavyochakaa ndivyo zinavyopoa, na mpigaji huzipenda zaidi.

Mtu asidhani kwamba kwa kuwa sauti yake ilikuwa ya chini basi alipiga mambo mepesi. Kabla yake mpiga besi wa nyimbo za namna ile alirudia sauti mbili tatu, akakaa. Jamerson alitembea. Aliingiza hatua za jazi katikati ya wimbo wa mapenzi wa dakika tatu, akaruka mapigo, akarudi mahali pake kabla mwimbaji hajakosa pa kukanyaga. Yeye ndiye aliyepiga katika My Girl ya Temptations ya mwaka 1964, na katika I Was Made to Love Her ya Stevie Wonder ya mwaka 1967. Nyimbo 23 alizopiga zilifika nafasi ya kwanza katika orodha kuu ya Marekani. Nimezisikiliza baadhi nikiwa nimeshika gitaa letu la shule, nami nakiri kwamba kwa nyuzi zangu mpya zinazometa sikuweza kuupata hata mwanzo wa My Girl, ambao una sauti chache tu.

Lakini jina lake halikuandikwa. Kampuni haikuwa na desturi ya kuwataja wapigaji kwenye majalada ya santuri. Watu walicheza, wakaoana, wakalea watoto kwa nyimbo hizo, wasijue nani anapiga. Mwaka 1971 tu, Marvin Gaye alipotoa santuri ya What's Going On, ndipo wapigaji walipotajwa, naye Jamerson akatajwa kwa sifa. Husimuliwa kwamba usiku wa kurekodi wimbo wenye jina hilo Marvin Gaye alikwenda kumtafuta vilabuni, akamkuta amelewa hata hawezi kukaa vizuri kitini, akapiga amelala chali sakafuni. Watu huisimulia habari hii kwa kicheko. Mimi nilipoisoma sikucheka, kwa sababu nilikwisha kusoma mwisho wake.

Mwaka 1972 kampuni ilihamia Los Angeles, na wapigaji wa Detroit hawakuarifiwa kwa heshima waliyostahili. Jamerson akaifuata mwaka uliofuata. Huko mambo yalikuwa mengine. Vijana walikuwa wakiipiga besi kwa kidole gumba, kwa nyuzi za kung'ara, na watayarishaji wa muziki walitaka mtindo huo. Yeye hakupenda kubadilika. Kazi zikapungua, pombe ikazidi. Sijui nimlaumu au nimsifu kwa ukaidi wake. Labda yote mawili. Sauti aliyoishikilia ndiyo ile ile wapigaji wengi waliyokuja kuitafuta baadaye kwa fedha nyingi, lakini ukaidi ule haukulisha nyumba yake.

Mwezi Machi 1983 kampuni ilifanya sherehe kubwa ya miaka 25 huko Pasadena. Inasemekana Jamerson hakualikwa jukwaani. Alinunua tiketi kwa mlanguzi akakaa juu, nyuma, kama mtazamaji yeyote. Siku chache kabla ya kufa kwake gitaa lake la Funk Machine liliibwa, pamoja na nyuzi zake. Alifariki Los Angeles tarehe 2 Agosti 1983, kwa ugonjwa wa ini na matatizo yaliyofuatana nao, akiwa na umri wa miaka 47. Aliacha mke na watoto wanne. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1989, na mwaka 2000 akaingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, kule wanakokumbukwa wanamuziki wakubwa wa Marekani.

Nyuzi zangu zinazometa zimekwisha kuliwa na hewa ya chumvi, na kamati ya chama itakutana Jumamosi kuamua tununue zipi. Bei ya nyuzi bapa ni karibu mara mbili ya zile nilizonunua, na wenzangu wengine wanataka fedha hiyo iende kwenye waya wa kipaza sauti, jambo ambalo si la kijinga. Nitawaeleza kwamba bapa hazitahitaji kubadilishwa kila mwaka, na kwamba nimeweka kando fedha yangu ya likizo niongezee. Juma lililopita nilikwenda jalalani na reki ya bustani. Niliupata uzi mmoja, ule mnene, umekatika vipande viwili.