Oscar Watkins, mkuu wa wapagazi walioipa Kariakoo jina lake

Kila siku maelfu ya watu hushuka Msimbazi, wakaingia mitaa ya Kongo, Swahili na Mkunguni kutafuta kanga, vyombo, simu na vipuri. Wengi wetu tumeshasikia kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wachache wanamjua mtu aliyekiongoza kikosi hicho. Aliitwa Oscar Ferdinand Watkins. Katika makala hii tunaeleza alikuwa nani, alifanya nini, na kwa nini ni vigumu kumhukumu kwa neno moja.

Watkins alizaliwa mwaka 1877. Alisoma Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza, akatumikia Afrika Kusini, kisha miaka michache kabla ya vita akajiunga na utawala wa kikoloni katika nchi ambayo leo ni Kenya. Alikuwa afisa wa serikali wa kawaida, aliyekijua Kiswahili na aliyezoea kazi za wilayani. Huenda angestaafu bila kukumbukwa na mtu.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Waingereza wa Kenya na Uganda walipakana na Wajerumani waliotawala Tanganyika. Jeshi lilihitaji chakula, risasi, mahema na dawa, lakini reli zilikuwa chache na barabara za magari karibu hazikuwepo. Farasi, punda na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya binadamu. Watkins akapewa kazi ya kuunda kikosi cha wapagazi. Alianza na watu 5,000 katika makundi matano ya watu elfu moja, kila kundi likigawanywa katika makampuni ya watu mia moja chini ya wanyapara Waafrika.

Hesabu ya upagazi ni rahisi, na ndani yake mna balaa. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 za unga. Yeye mwenyewe anahitaji karibu kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, amekula kilo 20, na askari aliye mbele anabakiwa na kilo tano. Kadiri jeshi lilivyosonga mbali na reli, ndivyo wapagazi walivyohitajika kwa maelfu zaidi, na ndivyo chakula chao wenyewe kilivyopunguzwa.

Mwanzoni baadhi ya watu walikwenda kwa hiari wakifuata mshahara. Mwaka 1915 mambo yalibadilika. Sheria ilipitishwa kuruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na mshahara wa mpagazi ukashushwa hadi rupia 5 kwa mwezi, na 6 baada ya miezi mitatu. Machifu walipewa idadi ya vijana wa kutoa. Aliyetoroka na kukamatwa aliadhibiwa chini ya sheria za kijeshi, viboko vikiwemo. Kwa kijana aliyechukuliwa usiku nyumbani kwao, kambi ya wapagazi haikuwa na tofauti kubwa na gereza, isipokuwa yeye hakuwa na kosa wala hakujua kifungo chake kitaisha lini.

Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Tanganyika kwa nguvu, na tarehe 4 Septemba Dar es Salaam ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Upande wa magharibi wa Mnazi Mmoja, katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wakilipanga kwa ajili ya makazi ya Waafrika, lilikuwepo jengo la soko ambalo vita viliwahi kabla halijaanza kazi yake. Jeshi likaligeuza kambi ya wapagazi. Wenyeji wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nako, penye kambi kama hiyo, pakabaki Kariokor.

Wakati huo Watkins alikuwa Luteni Kanali, na kikosi chake kilikuwa kimekua kuwa idara nzima ya vibarua wa jeshi. Mwaka 1917 ukawa mbaya kuliko yote. Mvua kubwa zilifurika bonde la Rufiji, njia zikazama, na wapagazi wakawa wanapita kwenye maji na matope wakiwa na njaa. Unga wa mahindi usioiva vizuri uliwaharibu matumbo. Watu wa milimani waliletwa kwenye joto la pwani na malaria bila kinga. Kuhara damu, homa ya mapafu na malaria viliua wengi kuliko risasi zilivyoua. Mwaka huohuo jeshi likaagiza watu wengine zaidi ya laki moja kutoka Kenya peke yake.

Hapo ndipo sura ya pili ya Watkins inapoonekana. Alibishana na makamanda waliowachukulia wapagazi kama mizigo mingine. Alidai chakula kinachofaa na kilichopikwa, mablanketi, hospitali na uchunguzi wa afya kabla ya mtu kuandikishwa. Alisisitiza kumbukumbu zitunzwe, kila mtu awe na namba yake, ili ijulikane nani yuko hai, nani amekufa na nani anadai mshahara. Hatua hizo ziliokoa maisha. Lakini zilichelewa, na hazikuigusa shina la tatizo: yeye ndiye aliyekuwa akiiendesha mashine iliyowahitaji watu hao.

Vita vilipoisha, Watkins aliandika ripoti ya kina kuhusu kazi ya kikosi chake. Rekodi rasmi zilionyesha vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi waliokuwa chini ya Waingereza. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanaona idadi halisi inaweza kufikia 100,000 au kuzidi, kwa sababu waliopotea na waliofia njiani hawakuhesabiwa wote. Bila kumbukumbu alizozipigania hata hiyo hesabu pungufu tusingeipata.

Kisha likaja suala la fedha. Maelfu ya waliokufa waliacha mishahara ambayo haikulipwa, na ndugu zao hawakupatikana au hawakujua pa kudai. Watkins alikuwa miongoni mwa maafisa waliotaka fedha hizo ziwafaidie watu wa maeneo walikotoka marehemu. London ilikataa. Watkins alishika vyeo vya juu katika idara ya mambo ya wenyeji huko Kenya, na baada ya kustaafu alihusika na Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanza Nairobi mwaka 1939. Alifariki mwaka 1943, na deni lile halikuwa limelipwa.

Tumweke wapi basi? Wapo watakaosema alikuwa mtu mwema aliyekwama katika kazi mbaya. Sisi tunaona wema wake haupunguzi ukweli kwamba vijana walichukuliwa kwa nguvu, kwa vita visivyowahusu, chini ya usimamizi wake. Pia tunaona ingekuwa uongo kumwandika kama katili, wakati ni yeye aliyehangaika ili waliokufa wahesabiwe na haki yao ilipwe.

Katikati ya jiji, kwenye Barabara ya Samora, ipo Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama pale juu ni mwanajeshi mwenye bunduki. Wapagazi wenyewe wamebakiwa na jina la soko. Soko hilo lilijengwa upya kwa mchoro wa Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, na jina halikubadilika.

Msomaji, kama katika ukoo wenu kuna babu aliyekwenda kariakoo na hakurudi, mwulizeni mzee aliyebaki jina lake na mlihifadhi. Orodha ya Watkins ina mapengo mengi, na mengine yanaweza kujazwa nyumbani tu.