De Sitter: Mwanafalaki aliyeifuata Ikweta ya Kenya kupima nyota

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Marigat huvuka mstari wa Ikweta karibu na Mogotio. Wengi husimama hapo kupiga picha, lakini wachache wanajua kwamba Ikweta ya Kenya iliwahi kumvutia mmoja wa wanafalaki mashuhuri wa karne ya 20, Mholanzi Willem de Sitter.

De Sitter alizaliwa mjini Sneek, Uholanzi, Mei 6, 1872. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Groningen, kisha kati ya 1897 na 1899 akafanya kazi katika kituo cha falaki cha Cape, Afrika Kusini. Mwaka 1917 alitoa nadharia ya ulimwengu iliyotofautiana na ya Albert Einstein. Mwaka 1932 wawili hao waliandika pamoja kuhusu ulimwengu unaopanuka.

Kuanzia 1919 aliongoza kituo cha falaki cha Leiden, ambako swali kubwa lilikuwa mwendo wa nyota. Mwanga wa nyota ukitawanywa katika rangi zake, hudhihirisha kasi ya nyota inayotujia au kutukimbia. Mwendo wa pembeni haujulikani kwa njia hiyo. Sharti mahali pa nyota papimwe, kisha papimwe tena baada ya miaka mingi. Kosa dogo la kipimo laweza kudhaniwa kuwa mwendo.

Huko Ulaya, kipimo cha kimo cha nyota kilitiwa dosari na hewa, ambayo huupinda mwanga, na darubini, ambayo hujikunja kwa uzito wake. Kwenye Ikweta, ncha za anga hulala kwenye upeo wa macho. Hivyo nyota inapochomoza, umbali wake kutoka ncha ya kaskazini hupimwa kwa kufuata upeo huo, wala si kwa kupanda juu. Dosari zile, ambazo huenda juu na chini, hazikiharibu kipimo hicho.

Kwa sababu hiyo, chini ya uongozi wake, Leiden ilituma watazamaji Kenya, wakapima nyota kati ya 1931 na 1933. De Sitter alifariki Novemba 20, 1934, lakini kazi haikufa naye: baada ya Vita Kuu ya Pili, Leiden ilirejea Kenya.

Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa angani mwaka 2013, kilipima miendo yote miwili kwa pamoja. Mwaka 2022 zilitangazwa kasi za nyota zaidi ya milioni 33, zilizosomwa katika rangi za mwanga wake.