Urefu wa Flo Hyman

Muhula uliopita, katika uwanja wetu wa mchanga hapa Vitengeni, nilimfokea msichana mmoja wa timu ya voliboli. Alisema kifua kinamuuma. Nami nikadhani ni uvivu, nikamwongezea mizunguko miwili. Nilikuwa nimemchagua paredini kwa sababu moja tu: aliwapita wenziwe wote kwa kichwa kizima. Usiku ule nilimkumbuka Flo Hyman.

Mmarekani huyo alizaliwa tarehe 31 Julai 1954, akakulia Inglewood, California, katika nyumba ya watoto wanane. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alikuwa amekwisha kufikia futi 6, na hatimaye akafika futi 6 na inchi 5. Utotoni aliuonea haya urefu huo. Voliboli ndiyo iliyomfanya auone kuwa neema. Chuo Kikuu cha Houston kilimpa ufadhili wa michezo, wa kwanza kuwahi kupewa mwanamke chuoni humo, lakini aliacha masomo kabla ya kuhitimu ili aitumikie timu ya taifa.

Utumishi huo ulikuwa wa subira. Mwaka 1976 timu yake haikufuzu kwenda Montreal. Mwaka 1980 ilifuzu, lakini Marekani ikaisusia Michezo ya Moscow, kama ilivyofanya Kenya yetu. Wanariadha wetu wa enzi ile wanaujua uchungu huo. Mwaka 1981, katika Kombe la Dunia, Hyman aliteuliwa miongoni mwa wachezaji sita bora duniani. Nishani ya fedha ya Olimpiki aliipata Los Angeles mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 30, baada ya China kuwashinda katika fainali.

Kisha akaenda kucheza Japani. Tarehe 24 Januari 1986, mjini Matsue, alipumzishwa kama kawaida, akaketi kwenye benchi, na mara akaanguka. Akafariki jioni hiyo, naye hajatimiza miaka 32. Awali ilidhaniwa ni moyo uliosimama tu. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kuwa mshipa mkuu utokao moyoni ulikuwa umepasuka kwa sababu ya ugonjwa wa Marfan, ambao mara nyingi hurithiwa. Ugonjwa huo hurefusha mikono, miguu na vidole, huweza kupunguza uoni, na hudhoofisha mshipa huo kimyakimya. Ndugu yake alipopimwa alionekana anao pia, akapasuliwa mapema.

Kwa hiyo kimo walichokishangilia watu miaka yote hiyo ndicho kilichokuwa dalili, na hakuna aliyeijua hadi alipokufa.

Msichana wangu ana vidole virefu, tena ubaoni haoni vizuri. Huenda si kitu. Warefu ni wengi na wagonjwa wa Marfan ni wachache. Nimezungumza na mzaziwe, na amepewa siku ya kupimwa moyo huko Kilifi. Kwa sasa anahesabu pointi pembeni mwa uwanja, na hanisemeshi.