Friedrich Küchenmeister, munganga aliyefunua siri ya vifuko vya nyama ya nguruwe

Mwenye kujua nyama, akifika soko ya Kadutu ao ya Nyawera, anaangalia nyama ya nguruwe vizuri mbele ya kulipa. Anatafuta vifuko vyeupe vyenye maji ndani, vikubwa sawa punje ya mahindi. Lakini vile vifuko ni nini, na vinatoka wapi? Mutu aliyeleta jibu ni munganga wa Ujerumani, Friedrich Küchenmeister. Jibu lake linasaidia watu mupaka leo, lakini njia aliyopitia inaumiza roho.

Küchenmeister alizaliwa mwaka 1821 katika Saxony, mashariki ya Ujerumani. Kisha masomo ya uganga, alianza kutunza wagonjwa katika muji mudogo wa Zittau. Hakuwa profesa mukubwa. Utafiti aliufanya pembeni ya kazi yake ya kila siku.

Wakati ule, watu wa sayansi walihesabu tenia, ule munyoo murefu wa tumboni, na vifuko vya ndani ya nyama kuwa vitu viwili mbalimbali. Wamoja waliwaza kwamba vifuko vinajizaa vyenyewe ndani ya mwili. Profesa von Siebold, mwenye jina kubwa, alifundisha kwamba ni tenia iliyopotea njia na kugonjwa. Küchenmeister aliona vingine: kifuko ni mutoto wa tenia, kinangoja tu kuliwa.

Mwaka 1851 alitoa vifuko ndani ya nyama ya sungura, akavilisha mbweha. Tumboni mwa mbweha akakuta tenia. Kisha, mwaka 1853, Mubelgiji Pierre-Joseph van Beneden, profesa wa Leuven, alionyesha upande wa pili: alilisha nguruwe mayai ya tenia, na nguruwe yule akajaa vifuko. Ilibaki kuhakikisha kwa mutu.

Njo hapa habari inakuwa nzito. Mwaka 1855 Küchenmeister alipata ruhusa ya kutumia mufungwa aliyehukumiwa kufa. Siku chache mbele ya kuuawa, vifuko vya nguruwe vilifichwa ndani ya chakula chake. Küchenmeister alipopasua maiti, alikuta tenia changa 10. Miaka mitano nyuma, alirudilia kwa mufungwa mwingine, aliyelishwa miezi kadhaa mbele ya kifo. Safari hii alikuta tenia 19, na nyingine zilikuwa zimekwisha kukomaa.

Ushuhuda ulikuwa wazi, lakini hata wakati ule kuna waliomulaumu kwa ukali. Leo kanuni za utafiti zinadai mutu aelezwe yote na akubali mwenyewe kwa uhuru. Mufungwa anayengoja kufa, tena anayelishwa kwa kufichwa, hana uhuru huo. Majina ya wale wawili yanajulikana kidogo sana kuliko jina la munganga.

Küchenmeister alihamia Dresden mwaka 1859. Aliandika kitabu kikubwa juu ya vidudu vinavyoishi katika mwili wa mutu, akapigania pia desturi ya kuchoma maiti. Alikufa mwaka 1890.

Nyuma yake, wengine waliingia ndani ya kifuko chenyewe. Walikuta kwamba tenia haijui kujitengenezea mafuta yote inayohitaji. Inayachota kwa mwenyeji wake, kwa kutumia proteini zinazobeba mafuta kama vile mubebaji anabeba muzigo. Kifuko kikiwa kizima, kinatuliza ulinzi wa mwili, na mutu anaweza kukaa nacho miaka bila kujua. Kikianza kufa, proteini zake zinavuja, mwili unashtuka, pahali pale panavimba. Ikiwa ni ndani ya ubongo, mutu anaweza kuanguka kifafa. Proteini zile zile zinasaidia wanganga: kuna kipimo cha damu kinachotafuta alama zake.

Lakini hapa wengi wanachanganya. Mwenye kula nyama yenye vifuko, isiyoiva, anapata tenia ya tumboni. Vifuko vya ubongo vinatoka kwa mayai, na mayai yanatoka kwa mavi ya mutu mwenye tenia. Yanapita kwa mikono michafu, kwa maji, kwa mboga. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kabisa, awe Muislamu ao Muadventisti, anaweza kupata vifuko kichwani. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linasema kwamba pahali pengi ambapo watu na nguruwe wanaozurura wanaishi pamoja, karibu 30% ya kifafa inatokana na ugonjwa huu.

Kwa familia ya Walungu, Kabare ao Kadutu, ile inabadilisha mengi. Mutoto anayeanguka hakulogwa, wala jirani hakumutupia kitu. Apelekwe hospitali. Dawa ya minyoo asipewe ovyo nyumbani, juu vifuko vikikufa kwa mara moja ndani ya ubongo, hali inaweza kuzidi. Na mbele ya yote: nguruwe abaki ndani ya kibanda, choo kifunikwe, mikono ioshwe na sabuni, nyama iive mupaka ndani.