Hubert Trowell: Tabibu Aliyeshuhudia Kisukari Kikiingia Mijini

Apitaye River Road, katikati mwa jiji la Nairobi, hukutana na maduka ya dawa yaliyobanana na nyumba za wageni na vituo vya matatu. Miongoni mwa wateja wa maduka ya aina hiyo wamo wazee wanaofuata insulini. Kuwahusu wao pana mjadala: je, mzee mwenye kisukari adungwe sindano kila siku au avalishwe pampu? Sindano ina nafuu ya bei, lakini humlazimu mwenye macho hafifu na mkono unaotetemeka kusoma alama ndogo za bomba. Pampu nayo humtilia mwilini dawa kidogo kidogo usiku na mchana, ila ni ghali, na vifaa vyake hubadilishwa kila baada ya siku chache. Makala haya hayadhamirii kuamua baina ya viwili hivyo. Yanadhamiria kurejelea swali lililoutangulia mjadala huo, yaani jinsi ugonjwa wenyewe ulivyoenea katika miji yetu. Swali hili haliwezi kujadiliwa pasi na kutajwa maisha ya Hubert Carey Trowell.

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari London, na mwaka 1929 akaajiriwa na idara ya tiba ya kikoloni nchini Kenya. Mwaka 1935 alihamia Uganda, akawa daktari wa hospitali ya Mulago na mwalimu wa wanafunzi wa udaktari. Mkewe, Margaret, ndiye aliyeasisi mafunzo ya sanaa katika chuo cha Makerere, ambamo walipitia wasanii kama Gregory Maloba, Sam Ntiro na Elimo Njau.

Sifa ya kwanza ya Trowell ilitokana na njaa wala si shibe. Alishughulika kwa miaka mingi na watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele na ngozi kwa utapiamlo. Mwanzoni alishikilia kwamba maradhi hayo yalikuwa aina ya upungufu wa vitamini. Tiba iliyofuata dhana hiyo ilipowakosa watoto, hakung'ang'ania. Alikubali jina la kwashakoo, ambalo Cicely Williams alilichota kutoka lugha ya Kiga ya Ghana, na mwaka 1954 akachapisha na wenzake wawili kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Inafaa tutambue kwamba tiba ya dunia nzima ililiazima neno hilo kutoka vinywani mwa akina mama wa Kiafrika.

Hata hivyo, mchango wake unaotuhusu zaidi hapa ni ule wa kuandika yale ambayo hakuyaona. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika Mashariki, unene wa kupindukia, kisukari na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra mno miongoni mwa wagonjwa wake Waafrika. Mwaka 1956 alishiriki kuchapisha taarifa ya Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja alitosha kuwa habari ya jarida. Mwaka 1960 alikusanya ushahidi wake katika kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Wakati huo alikuwa amekwisha kurudi kwao, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana karibu na mji wa Salisbury.

Aliporejea Afrika Mashariki mwaka 1970, alistaajabu. Watu wanene walikuwa wamejaa mijini, na miji mikubwa ilikuwa na kliniki za kisukari. Akiwa amestaafu ukasisi, alishirikiana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewahi pia kufanya kazi Uganda. Walidai kwamba nafaka zilizokobolewa, zikapokonywa nyuzinyuzi zake, zilichangia magonjwa hayo. Vitabu vyao vilitoka mwaka 1975 na 1981. Trowell alifariki mwaka 1989.

Haifai kumsifu bila kumpima. Wagonjwa wengi wa enzi ya ukoloni hawakufika hospitalini, na huenda baadhi ya walioonekana kutokuwapo walikufa vijijini bila kupimwa. Aidha, nadharia yake inahusu aina ya kisukari inayowapata hasa watu wazima, si ile inayoanza aghalabu utotoni. Wala nyuzinyuzi pekee hazielezi kila kitu: uzito, kutotembea na nasaba navyo vina nafasi yake. Lakini ushuhuda wake una uzito kwa sababu aliishi kwetu kwa takriban miaka 30, akarudi, akalinganisha.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, maisha haya yana funzo mahususi. Mzee anayepaswa kuchagua baina ya sindano na pampu anahitaji kueleweshwa kipimo cha dawa, dalili za sukari kushuka na namna ya kuihifadhi insulini isiharibiwe na joto. Mambo hayo akielezwa kwa lugha asiyoimudu, huenda kosa la tarakimu moja likamgharimu uhai. Jina kisukari tunalo, nalo limezoeleka. Yanayosalia ni maelezo kamili, sahihi na mepesi, yatakayomfikia mzee huyo kabla hajaondoka dukani na kichupa chake. Kazi hiyo haiwahusu madaktari peke yao; inatuhusu na sisi.