Bibi Titi na binti za Selofehadi

Somo: Hesabu 27:1-11

Kama Biblia yako iko karibu, soma kwanza habari za wale mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao, Selofehadi, alifia jangwani bila kuacha mtoto wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule fungu lake lingekwenda kwa wengine. Mabinti hawakubaki hemani kulia. Walikwenda hadi mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, wakuu na mkutano wote, wakadai sehemu yao. Ona na alivyofanya Musa. Hakuwajibu kwa akili zake mwenyewe, wala hakuwaambia warudi nyumbani wakaulize waume. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akawapa haki.

Ukishasoma, mkumbuke mwanamke mmoja ambaye hakuwa wa kanisa letu. Bibi Titi Mohamed alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Dar es Salaam, Juni 1926. Wewe unayesali Wete au Chake Chake, mahali ambapo karibu majirani zako wote ni Waislamu, hutashangaa nikimleta kwenye safu hii. Mema mengi uliyotendewa kisiwani Pemba umetendewa na watu msiosali pamoja.

Titi alisoma shule kwa miaka michache tu, akaozwa angali binti mdogo. Alichokuwa nacho ni sauti. Aliongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba, na mjini alijulikana kwa hilo. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alikutana na viongozi wa TANU na kuwauliza wanawake wao wako wapi. Chama kilikuwa hakijatimiza hata mwaka, na jibu la maana hawakuwa nalo. Ndipo akatafutwa Titi, akiwa na miaka 29, akabebeshwa kazi ya kuwaleta wanawake.

Angalia alivyoifanya. Hakuanza na wasomi, kwa kuwa wanawake wasomi walikuwa wachache, na wengi wao waliogopa kupoteza ajira serikalini. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Alikwenda kwa wauza maandazi na wapika pombe, wanawake waliozoea kushika fedha zao wenyewe na kukusanyana bila kuitwa na mwanamume. Akawaambia kwamba wanaume wote wanaohutubia majukwaani walizaliwa na wao, hivyo wasijione wadogo. Katika muda wa miezi mitatu hivi wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi za TANU. Hesabu hiyo iliwashtua wanaume wa chama chenyewe.

Kisha ukaja uchaguzi wa kura tatu, 1958 na 1959. Mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ili aandikishwe ilibidi awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe amesoma miaka minane, au awe na wadhifa uliotajwa katika sheria. Sheria haikumtaja mwanamke kwa ubaya. Lakini niambie, muuza maandazi wa Kariakoo angepata wapi pauni 150? Wengi wa wale waliokijaza chama walibaki nje ya mlango wa kituo cha kura, wakingoja wenye vyeti wawachagulie. Masharti yalilegezwa katika uchaguzi wa 1960, na Titi akawa mbunge. Mwaka 1962 ilipoundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Sasa vuka maji uje Pemba. Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza Julai 1957, na huko sheria ilisema wazi: wapiga kura ni wanaume, tena wenye miaka 25 na zaidi, raia wa Sultani, wenye elimu au mali ya kiwango fulani. Mwanamke wa Pemba aliyechuma karafuu, akalea, akazika, hakuwa na neno. Miaka mitatu unusu ikapita. Januari 1961, wakati Bibi Titi ameshakaa bungeni ng'ambo ya pili, wanawake wa Unguja na Pemba walipiga kura kwa mara ya kwanza.

Jimbo la Chake Chake lilipohesabiwa, mgombea wa ASP alishinda kwa kura moja. Moja tu. Chama chake kikawa na viti 10, ZNP 9, na ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, na nchi ikashindwa kuunda serikali. Uchaguzi ulirudiwa Juni mwaka huo huo, na ghasia zilizozuka Unguja ziliua watu 68. Kila mwanamke aliyesimama kituoni Chake Chake siku ile ya Januari, awe alimpa mshindi au aliyeshindwa, angeweza kusema kura yake ndiyo iliyoamua, wala hakuna ambaye angembishia.

Lakini rudi kwenye kitabu cha Hesabu, sura ya mwisho. Wengi husoma sura ya 27 wakafurahi, wasifike sura ya 36. Huko wazee wa ukoo wanamrudia Musa na hofu yao: hawa mabinti wakiolewa kabila jingine, ardhi itakwenda nao. Mabinti wakaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Haki haikufutwa, ila ilizungushiwa ua. Nakiri sura hii hunikera kila nikiisoma, ingawa naielewa hofu ya wazee.

Ua wa namna hiyo bado upo. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015, TAMWA Zanzibar, chama cha wanahabari wanawake, kilieleza habari za wanawake walioachwa na waume zao kwa sababu walipiga kura kinyume na walivyoagizwa. Usikimbilie kusema hayo ni ya majirani zako wa dini nyingine. Wewe mume Mkristo, mkeo alipokwenda kupiga kura, alikwenda na uamuzi wa nani? Na wewe mama, ulipokuwa peke yako nyuma ya lile boksi, ulimwogopa nani? Kisha hesabu wanawake waliojaa mabenchi ya kanisa lako asubuhi hii, halafu hesabu waliomo kwenye baraza la wazee.

Bibi Titi naye alipata yake, na kwa sehemu aliyapata kwenye sanduku lile lile alilowafundisha wengine kuliendea. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, watu wa Rufiji walimnyima kiti. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, likawakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye alikuwa na nyumba za kupangisha, hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu katika Kamati Kuu ya chama. Unaweza kumlaumu kwa hilo, na wengi walimlaumu. Mimi naona mwanamke aliyezoea kuamua mwenyewe.

Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wengine, wakashtakiwa kwa kupanga kuipindua serikali. Alikana. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na 1972 Rais Nyerere akamsamehe. Alitoka gerezani akakuta mji umejifunza kuishi bila kumtaja. Marafiki wengi walikuwa wametoweka. Kwa karibu miaka 20 jina lake halikusikika, wakati wanawake waliopokea kadi mkononi mwake walikuwa bado hai, wakienda sokoni na kurudi. Ni mwaka 1991, taifa lilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, ndipo alipoanza kutajwa tena hadharani kama shujaa. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa Bibi Titi Mohamed. Huenda umeipita mara nyingi ukienda hospitali au kupanda boti ya kurudi visiwani.

Alifariki Johannesburg, Afrika Kusini, tarehe 5 Novemba 2000, siku ya Jumapili. Siku hiyo hiyo Zanzibar ilikuwa ikirudia kupiga kura katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi, baada ya uchaguzi wa Jumapili iliyotangulia kuvurugika, na Pemba ilikuwa ikingoja kusikia matokeo.