Linus Pauling, mtu aliyeweka damu mbele ya sumaku
Linus Pauling alizaliwa Marekani mwaka wa 1901. Baba yake, muuza dawa, alifariki mtoto akiwa na miaka 9 tu. Munamo mwaka wa 1936, yeye na Charles Coryell walipima damu kwa sumaku: ile yenye kubeba oksijeni inasukumwa kidogo, ile iliyokwisha kuiachia inavutwa. Na chuma ndani ni kile kile! Kwa njia hiyo, leo watafiti wanapima hemoglobini ya chembe moja moja.

Mwaka wa 1949, pamoja na Harvey Itano na wenzao, alionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa SS ni tofauti. Basi si ulozi, hata kama hapa Goma wengine bado wanamusukumia mama kosa. Pauling alifariki mwaka wa 1994.